Toleo la Kwanza la Ndoto Yangu

Jumatatu, 5 Mei

Leo maisha yangu yameanza upya! Mwalimu Pascalia ametangaza kwamba chama chetu cha wasomaji kitatengeneza Rafu ya Taifa, pale tunapokutania nyuma ya duka la dawa. Kila mwanachama atapendekeza kitabu kimoja ambacho bila hicho mtu hawezi kuielewa Kenya. Atakayepata kura nyingi ndiye mtunza rafu. Rafu ina kufuli. Kufuli lina funguo mbili. Mmoja wa Pascalia, mwingine wa mtunza.

Nimeziwaza funguo hizo jioni nzima. Zimening'inia kwenye msumari mmoja, zinagusana.

Kikwazo: Osundwa, karani mstaafu wa mahakama. Husoma akiwa na penseli. Huguna akifika mahali pazuri, ili sote tujue amefika. Simpendi.

Kikwazo kingine: sijawahi kumaliza kitabu. Nina duka la fotokopi karibu na chuo kikuu. Historia yote ya nchi hii imepita mikononi mwangu, ukurasa baada ya ukurasa, ikiwa bado ina moto wa mashine. Nilidhani hiyo inatosha.

Jumanne, 6 Mei

Nimeazima kitabu kinene cha historia. Nikaanza vizuri. Saa nane mvua ikaja, kama kawaida ya Kakamega. Stima ikapotea, mashine ikanyamaza, mabati yakaanza kuimba. Ukurasa wa nne sikuuona.

Lakini ndoto! Nilimwota kukhu, nyanya yangu, aliyetuacha nikiwa darasa la tatu. Mzungu wa kodi amekuja kuhesabu nyumba. Kukhu anatoka uani na kikombe cha mahindi, anaziita nyumba kama alivyokuwa akiita kuku. Nyumba zinainuka. Zinajikung'uta vumbi, zinaelekea msituni, moshi bado ukitoka paani. Mzungu anabaki na kalamu yake na uwanja mtupu. Imebaki moja tu, ya kukhu mwenyewe, kwa sababu obusuma, ugali wake, iko motoni na hataki chungu kipinduke.

Nimeamka shavu limegandamana na kitabu, nina furaha ya utotoni kabisa. Quinter, anayeuza chai kibaraza cha pili, akaniuliza, "Wewe unasomanga na macho imefunga?" Nikamwambia ni mbinu mpya.

Alhamisi, 8 Mei

Nimejaribu vitabu vingine. Mvua nayo haikukosa. Ndoto ni ileile, imeendelea. Nyumba zimefika msituni, zinalalamika kwamba tumbili wanazinyofoa nyasi. Kukhu amekaa katikati yazo anazituliza. Ananiona. Anataka kuniambia jambo. Mteja anagonga kaunta! Nakala ya kitambulisho! Nimemtolea karatasi nyeusi tupu, kwa hasira.

Jumamosi, 10 Mei

Siku ya mapendekezo. Nilipanga kutaja kile kitabu kinene na kuketi haraka. Osundwa akakitaja kabla yangu! Akataja hadi tanbihi! Kisha Pascalia akanigeukia mimi. Nikausikia mdomo wangu ukisema Nyumba Zilizoingia Msituni. Wakauliza mwandishi ni nani. Nikasema ni mtu mnyamavu sana, wa upande wa Khwisero.

Nikasimulia yote, kuanzia kikombe cha mahindi mpaka tumbili. Mzee Osiako akavua kofia. Akasema hayo ni kweli tupu, na kwamba baba yake alizaliwa ndani ya mojawapo ya nyumba hizo ikiwa bado inatembea. Teresa wa duka la dawa akalia waziwazi. Pascalia akauliza kama kuna mwingine aliyekisoma kitabu hiki.

Osundwa akasimama. Nikajua nimekwisha.

Akasema amekisoma. Mara mbili! Akaongeza kwamba sehemu ya msituni nimeipitia harakaharaka.

Harakaharaka? Mimi?

Kura zote zimekuja kwangu isipokuwa ya Osundwa. Ufunguo nitapewa kitabu kikifika. Nimenunua msumari.

Jumatatu, 12 Mei

Pascalia alikuja kukiulizia kitabu. Nikasema nilimwazimisha Osundwa. Akaenda kwa Osundwa. Osundwa akasema mchwa wamekila. Jioni Pascalia akatuita sote wawili kwa Quinter, akatuagizia chai, akauliza kwa upole jalada lilikuwa la rangi gani. Mimi nikasema kijani. Osundwa, papo hapo, akasema jekundu.

Pascalia akakoroga chai yake polepole. Osundwa hakupepesa hata jicho. Akaeleza kwamba la kijani ni toleo la pili. Toleo la kwanza lilikuwa jekundu.

Nilimwonea wivu kwa dhati.

Jumatano, 14 Mei

Aibu! Pascalia amenikuta nimelala juu ya kaunta, mvua ikinyesha. Akaniamsha kwa kunigusa begani. Akasema anajua kitabu hicho hakipo, hakijawahi kuwapo. Nilitamani ardhi inimeze, pamoja na mashine.

Kisha akasema amefundisha habari za kodi ya nyumba maisha yake yote, na Jumamosi ndiyo mara ya kwanza kuona mtu akizililia. Akataka kujua yule kukhu ni nani. Nikamwambia. Nikamwambia alivyokuwa akiita kuku, na kwamba sauti yake nilikuwa nimeisahau kabisa hadi wiki jana. Nikalia kidogo. Mabati yalinisitiri.

Akasema basi kiandike, Patroba. Rafuni ameacha nafasi ya upana wa vidole vitatu. Ufunguo uko mkobani mwake mpaka nafasi hiyo ijae. Aliweka mkono juu ya fotokopi, karibu na wangu. Mashine ilikuwa bado ina joto.

Nampenda. Nimeshaandika hapa, basi.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefanya kazi kama punda! Jalada liko tayari, la kijani. Mgongoni mwake kuna sifa kutoka kwa maprofesa kadhaa, wote nimewabuni, mmoja mkali kidogo ili watu waamini. Shukrani ziko tayari. Picha ya mwandishi iko tayari, kidevu kimeegemea ngumi. Mbele nimechapa Toleo la Pili, kwa kuwa la kwanza tayari linajulikana mjini.

Mchana nikaandika sentensi ya kwanza: Kukhu alitoka uani. Mvua ikaanza. Nikajilaza kidogo, kwa ajili ya utafiti. Kukhu alikuwa ananisubiri ukingoni mwa msitu. Akaniuliza nimefika wapi. Nikamwambia jalada limekamilika. Akacheka hadi nyumba zote zikageuka kuniangalia.

Jioni Osundwa akapita, penseli sikioni. Akaliokota jalada kwenye kaunta, akalitazama mbele na nyuma, akaguna. Akaniambia kwa masikitiko kwamba amelisoma toleo hili jipya, na halilifikii lile la kwanza.

Imeniuma sana. Mtu huyu atakuwa amelisoma huku akisinzia.