Mashine Inayokoroga Bila Mimi

Bagira, Jumatano

Kwa Bwana Luc, fundi wa maabara na mdogo wa mke wangu

Shemeji mheshimiwa,

Baada ya salamu zenye heshima zote, nakuandikia rasmi, ingawa nyumba yako iko ng'ambo ya barabara tu, kwa sababu jambo lenyewe ni zito na kwa mdomo ningelipuka. Naomba uje uichukue mashine uliyomtengenezea dada yako Apolline.

Nakubali kwamba una akili. Feni ya kompyuta iliyokufa, sumaku mbili ulizong'oa kwenye spika, kisanduku cha plastiki juu yake, betri ya sola pembeni. Chupa ikiwekwa juu, kile kipande cha msumari ulichokifungia ndani ya mrija wa plastiki kinaifuata sumaku na kuzunguka majini kama kimepagawa. Hakuna mkono unaoingia. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza.

1. Tangu nistaafu, kazi yangu katika nyumba hii ilikuwa moja: kukoroga. Apolline hupima mafuta ya mchaichai, maji na sabuni kidogo, mimi nilikuwa nakoroga kwa kijiti hadi vishikane, kisha yeye huuza sokoni kama dawa ya kufukuza mbu. Sasa nikigusa kijiti ananiambia, "Papa Aimée, ikala tu, hii iko inajizungusha yenyewe." Nimekaa. Nimekaa hadi kiti kimenichoka.

2. Mashine haina masikio. Nilipokuwa nakoroga, Apolline aliketi mbele yangu akishikilia bakuli, na kwa kuwa mikono yake haikuwa huru, mdomo ulifanya kazi: nani kanuniana na nani kwenye kwaya, nani amehamia Miti, Aimée wetu anaandikiana na nani. Siku hizi anaiwasha, anakwenda kwa jirani Consolate, na habari zote zinamwagikia huko. Shemeji, nasema wazi: nina upweke.

3. Kwa hiyo hakuna aliyeniambia kitu. Jumapili wakaja watu kutoka Nyantende na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi, tena nzuri. Apolline alikuwa bado kanisani, mimi niko na singleti tu, bila shati. Baba mwenye habari zake angejua kwamba hiyo ni pombe ya kumposa binti yake. Mimi nilidhani wanauza. Nikaonja, nikasema ina maji, nikawaambia wapunguze bei. Mzee wao, Papa Adalbert, alilifunga dumu, wakaondoka nalo. Tangu hapo Aimée analia na hataki hata kunipakulia bugali.

4. Ni wazi, basi, kwamba feni yako imevunja posa ya mwanangu. Leo inakoroga, kesho itapokea wageni, siku ya harusi itakalia kiti cha baba. Na wageni wataisifu, kwa sababu yenyewe haiwezi kuvaa singleti.

5. Naomba pia uvae koti, uibebe mashine mpaka Nyantende, na umweleze Papa Adalbert kosa ni la nani.

Nikitumaini utalishughulikia ombi hili kabla ya Jumapili, nabaki shemeji yako mtiifu asiye na kazi. Nisalimie mkeo Marcelline, watoto, mama mkwe wangu, na hata mbwa wako, ambaye bado ananibwekea kana kwamba sikutoa ng'ombe wa mahari.

Jean-de-Dieu, Papa Aimée

Tanbihi: Apolline ameingia wakati natafuta bahasha. Nimeikalia barua asiione, kwa hiyo sikuweza kusimama. Ameweka chupa kwenye mashine, akavuta kiti, akaketi kando yangu. Hakuna kati yetu aliyekuwa na cha kushika. Ameniambia kwamba alikwenda Nyantende mwenyewe: Papa Adalbert anasema baba anayebishania hivyo bei ya pombe hawezi kumtoa binti yake ovyo, na Jumapili wanarudi. Nivae shati. Tumecheka hadi chupa ikawa tayari, naye akainuka. Basi, mashine ibaki. Ila chupa ya lita moja inaisha upesi mno. Tafadhali tutengenezee ya lita tano, na usiifanye iende mbio.