Daktari wa Simba wa Kibwezi

Ngure aliingia kwenye makumbusho ya viumbe pale Kibwezi kutafuta choo tu. Choo alikipata, na alipotoka akakutana uso kwa uso na simba.

Simba mwenyewe alikufa kabla babu yake Ngure hajaoa. Alisimama juu ya meza, mdomo wazi, tumbo limejazwa nyasi kavu, sikio moja limeliwa na nondo. Wengine wangeona ngozi yenye vumbi. Ngure aliona Probox. Nzau, mwenye hoteli mpya kule Mukuyuni, alikuwa ametangaza kwamba atakayemletea simba wa kuweka mapokezini atapewa gari lake jeupe aina ya Probox.

Akampigia simu papo hapo. "Mzee Nzau, nimepata simba, huku Kibwezi. Usiulize mengi."

"Siulizi," Nzau akajibu. "Lete tu."

Mlangoni, Mama Kathini, msimamizi wa jumba, alikuwa akisuka kiondo, miwani imeshuka puani. Ngure akanyoosha kola, akakohoa kama mtu mwenye ofisi.

"Mama, mimi ni Daktari Ngure. Natibu wanyama waliokaushwa. Nimetumwa kutoka Nairobi."

"Wacha! Tumekungoja miaka kumi na moja."

"Simba wako ameingiwa na wadudu. Lazima nimpeleke Nairobi leo, ama watahamia hata kwa yule paka." Akaelekeza kidole kabatini, kwa nguchiro aliyesimama kwa miguu miwili.

Mama Kathini alimtazama nguchiro, kisha akamtazama daktari. "Ati wadudu wanahama?"

"Sana, mama."

"Basi hawa wengine si wameshaambukizwa? Anza na wao. Simba ataenda mwisho."

Tumhurumie kidogo msomi wetu. Alitafuta pa kuchomokea, hakupaona. Akavua koti.

Siku ya kwanza alipangusa ndege themanini na wanne kwa brashi ya rangi. Siku ya pili alimshona bundi aliyepasuka tumbo, akajidunga vidole vitatu. Siku ya tatu alisugua chupa za nyoka, huku Mama Kathini akimletea muthokoi, mahindi ya kukobolewa kwa maharagwe, na kumsifu. Siku ya nne wakaja wanafunzi, Mama akamsukuma mbele, naye akawaeleza maisha ya chatu kwa dakika arobaini, yote ya kubuni. Wakampigia makofi. Alijiambia anavumilia kwa sababu ya Probox, lakini jioni hiyo alirudi mara mbili kumwangalia bundi wake alivyokaa wima.

Siku ya tano simba alipata sikio jipya la ngozi ya mbuzi, akafungwa shuka. Mama Kathini akaiombea safari. Ngure akakodi pikapu kwa pesa zake mwenyewe, na badala ya Nairobi akaenda moja kwa moja Mukuyuni.

Hotelini alikuta hema, kwaya na mchungaji. Shuka ilipovuliwa, vigelegele vikapaa. Nzau akashika maikrofoni.

"Tunashukuru makumbusho ya Kibwezi kwa kutuazima simba mwezi mzima! Na huyu Daktari Ngure, aliyetibu wanyama wote na kumleta simba hapa bila kuitisha hata senti!"

Ngure akaketi kwenye kiti cha karibu, na jirani yake alikuwa Mama Kathini, aliyemtangulia kwa matatu, kitambaa cha kanisa kichwani, sahani ya pilau mapajani.

"Mama, kwani unamjua Nzau?"

"Mtoto wa dada yangu. Ulimpigia wewe, akanipigia mimi."

"Kwa hivyo ulijua ni uongo?"

"Hata kabla ya hiyo simu. Daktari gani huita nguchiro paka?"

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema, bundi angeshonwa na nani?"

Ngure alitaka kukasirika, lakini watu walikuwa wakiita "Daktari! Daktari!" na maishani mwake hakuwahi kupigiwa makofi kwa kazi aliyoifanya kweli. Akasimama, akapunga mkono, akakaa tena.

"Na Probox?" akanong'ona.

"Ile pale," Mama Kathini akasema, akimsogezea sahani. "Inabeba kwaya. Kula haraka, uone kama utapata nafasi ya kukaa katikati ya ngoma zao."