Yah: Kulazimishwa Kufurahi kwa Ajili ya Chanjo

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Kwanza pole na kazi. Mimi ni mstaafu, nilikuwa mkaguzi wa mizani. Ukinunua sukari ukapata kilo kamili, huenda ni kwa sababu niliwahi kupita duka hilo nikamtoa jasho mwenyewe. Nakuandikia kwa heshima zote kumlalamikia muuguzi wako wa chumba cha chanjo, yule mrefu mwenye sauti ya upole, ambaye ameniharibia amani nyumbani.

Nilikuja kuchanjwa chanjo ya mafua. Akanipima uzito, presha na joto, akaandika. Kisha akanitazama usoni, akaniuliza kama nalala, kama nakula, na kwa nini siku hizi sionekani nje. Nikamweleza kwamba mke wangu alifariki wakati wa mvua zilizopita. Basi akamgeukia binti yangu aliyenisindikiza, akasema: "Mzee achanjwe tu, itamsaidia. Ila mjue, kinga ya mwili hupungua nguvu kwa umri, na huzuni ya muda mrefu huipunguza zaidi, kwa hiyo chanjo inaweza isishike vizuri. Hiyo huzuni nayo ishughulikiwe."

Binti yangu alisikia neno la mwisho tu. Akaahirisha sindano, akanirudisha nyumbani nikashughulikiwe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Huzuni yangu ilipimwa kwa macho. Enzi zangu, muuza nyama akikadiria kilo kwa kuitazama nilikuwa nafunga bucha. Mimi nimetangaziwa huzuni bila mzani, bila jiwe la kupimia na bila muhuri.

2. Nyumbani kumeanzishwa furaha ya lazima. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ni wakala wa bima, na tangu amwoe sijamsikia akimchekesha mtu. Sasa akitoka kazini anavuta kiti, anakohoa, anaanza kisa cha sungura aliyekwenda kunyolewa. Akifika katikati anasahau, anarudi mwanzo. Nacheka ili amalize. Nikicheka, binti yangu anachungulia kutoka jikoni kuona kama nimecheka kwa moyo au kwa adabu. Jirani yetu fundi viatu, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, naye ameombwa apite kunichangamsha. Huyo hunisimulia misiba yake yote, na huondoka amechangamka sana.

3. Vitu vya marehemu mke wangu vimeondolewa visinikumbushe: miwani iliyokuwa dirishani, mtandio uliokuwa msumarini, hata kiti chake. Kitanda kimesukumwa ukutani kwa upande wake, ili nisione nafasi tupu. Nikigeuka napiga pua ukutani. Mke wangu, mwenye nyumba, ameondolewa nyumbani mwake kwa agizo la zahanati, wala hakupewa notisi.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Muuguzi alisema kinga hupunguzwa na umri na huzuni, lakini hakusema umri umechukua kiasi gani na huzuni kiasi gani. Naomba hesabu itenganishwe. Mke wangu alinivumilia maisha yake yote, akinichemshia maji ya kuoga hata siku tulizonuniana. Sitaki iandikwe mahali popote kwamba yeye ndiye aliyeniharibia chanjo, wakati uzee ulianza kunitafuna yeye akiwa hai, akauona, akanicheka.

5. Tena ikiwa chanjo humkataa mwenye huzuni, basi wa kushughulikiwa kwanza ni binti yangu. Hajalia tangu mazishi. Hana nafasi, anahangaika na mimi. Akifua huimba wimbo uleule na kuukatiza palepale. Hunipakulia chakula na kunibembeleza nile, yeye anakula amesimama.

Kwa hiyo naomba zahanati ifungue dirisha la pili, la wenye huzuni, lenye foleni yake na benchi lake, na visa vya sungura vipigwe marufuku hapo. Sindano yao iongezwe kidogo, kama muuzaji muungwana anavyoongeza punje mzani ukitiliwa shaka. Ikishindikana, nipewe kibali chenye muhuri cha kuhuzunika saa za kazi, nikibandike mlangoni. Na kama hilo nalo ni gumu, nipewe barua rasmi inayothibitisha kwamba sina huzuni yoyote ile, nimechoka tu, na nisisumbuliwe.

Nakuomba usichelewe. Mafua yameshafika nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mimi bado sijachanjwa kwa sababu sijafurahi vya kutosha.

Wasalimie wauguzi wote, mama wa dirisha la dawa, mlinzi wa getini, na yule wa maabara anayetoa damu huku akipiga miayo.

Ni mimi mtiifu, ambaye mkono wake bado unasubiri,
Mkaguzi wa Mizani (Mstaafu)

Nyongeza: Nilimpa binti yangu barua hii anitafutie bahasha, naye akaisoma. Alipofika kifungu cha tano akaketi sakafuni akalia. Nikaketi naye, nikalia pia. Mkwe alisimama mlangoni, na sungura hakumtaja. Hakuna aliyemchangamsha mwenzake. Baadaye binti yangu akaniuliza, "Baba, kwani wewe unataka kuishi?" Badala ya kumjibu nilichukua kalamu, nikaandika nyongeza hii. Muuguzi wako alipima kwa macho na alipata sawasawa. Tafadhali vichane vifungu vyote. Kesho tunakuja wawili. Nichomwe hivihivi nilivyo, hata ikishika nusu nitashukuru. Na kama hapo zahanati yupo anayetibu huzuni yenyewe, naomba anitengee nafasi, kwa sababu siku hizi kukikucha huwa nasikitika kwamba nimeamka, na wewe ndiye mtu wa kwanza ninayemwambia.