Eneo la Kamera

Kwa furaha kubwa, na kwa niaba ya Idara ya Maunganisho ya Madarasa Duniani, natangaza kwamba nchi yetu sasa imeunganishwa na dunia. Kwa usahihi zaidi, limeunganishwa darasa moja. Kwa usahihi zaidi ya hapo, imeunganishwa nusu ya darasa hilo, ile iliyokuwa ikionekana kwenye kamera. Mimi ndiye Mratibu wa mpango huu, na lolote mtakalolisikia mitaani kuhusu viti vya Wizara, naomba mlisikie kwanza kwangu.

Mpango wenyewe ni rahisi. Darasa la sita la shule yetu moja linakutana mtandaoni na darasa la nchi ya mbali, watoto wanafanya mradi wa pamoja, mtambo unawatafsiria, kila upande unajifunza kwa mwenzake. Ni jambo ambalo mtoto yeyote angelielewa, na hapo ndipo Wizara ilipoingiwa na wasiwasi. Mtoto akiachiwa azungumze na mtoto mwenzake bila usimamizi, anaweza kusema kitu. Tukaunda Kamati ya Salamu.

Kamati iliongozwa na Mama Mwenyekiti, mtu makini ambaye hajawahi kucheka ndani ya saa za kazi, na jukumu lake lilikuwa kuandika salamu kwa niaba ya watoto. Tulikutana kwenye ukumbi wa mikutano wa Wizara, penye meza ndefu inayong'aa na viti vya kuzunguka, vile laini ambavyo mtu akishakaa anakumbuka ajenda nyingine. "Hamjambo" tuliikataa siku ya kwanza. Hamjambo ni swali, na Wizara haiulizi nchi za nje maswali bila kibali. Baada ya vikao kadhaa na chai nyingi tulipata maneno haya: "Sisi watoto tunathibitisha utayari wetu wa kuwa marafiki, kwa kuzingatia miongozo iliyopo."

Majibu hayakuchelewa. "Sisi watoto wenzenu tumepokea salamu zenu na kuzizingatia. Tunaridhia urafiki huo kwa kipindi cha majaribio."

Mama Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

"Jamani, watoto wa kule wamelelewa," alisema. "Mimi wa kwangu nikimwita anaitikia huku kainamia simu."

Tukaendelea kuandikiana nao. Kuna mmoja kati ya watoto wale ambaye kila salamu aliifunga kwa maneno "wenu katika ujenzi wa mustakabali", na sioni haya kusema kwamba nilimpenda mtoto huyo kabla sijamwona. Hata Mheshimiwa Waziri aliomba asomewe salamu zake akiwa anakunywa chai ya saa nne.

Kwa kuwa salamu zilitubana sana, mradi wenyewe tuliwaachia watoto. Siku moja mwalimu wao alikuja ofisini kwangu. Ni mama wa sauti ya chini, chaki imemjaa mpaka kwenye viatu.

"Mratibu, watoto wamekubaliana mada na wenzao," alisema. "Wameiita 'Mgeni Akija Shuleni'."

"Mada ya ukarimu hiyo."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Safi sana. Imepita."

Hakuondoka. Alishika mgongo wa kiti changu cha wageni kama mtu anayekipima.

"Na madawati je? Watoto wangu wanakaa chini, Mratibu. Wanaandikia mapajani. Mtoto wa darasa la sita anasimama akishika kiuno kama bibi yake."

Swali hilo lilinigusa, ndiyo maana nilimpa jibu kamili la Idara. "Mwalimu, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Rudi wiki ijayo."

Alirudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Nilimjibu vilevile, maana ofisi inayobadilisha majibu kila mara haiaminiki.

Uzinduzi ulipokaribia, nilikwenda shuleni na fundi wa mitandao kukagua darasa. Watoto walisimama, wakanipa shikamoo, wakakaa tena chini, kila mmoja juu ya kipande chake cha boksi. Fundi aliweka kamera juu ya kompyuta, akatazama, akageuza, akatazama tena.

"Bosi, hii haioni chumba chote," alisema. "Inaona kuanzia dirisha hili mpaka nguzo ile. Huku kwingine ni giza tu kwake."

Wataalamu wengine husoma miaka mingi bila kutamka sentensi kama hiyo. Jioni ile ile niliandika Sera ya Eneo la Kamera, na kufikia wiki iliyofuata ilikuwa ikitekelezwa. Ukuta ulipakwa rangi ya samawati kuanzia dirishani mpaka kwenye nguzo, na pale macho ya kamera yanapokoma, rangi nayo ikakoma, mstari umenyooka toka juu hadi chini. Bati lililotoboka ndani ya Eneo lilibadilishwa. Lililotoboka nje ya Eneo liliachwa liendelee na utaratibu wake wa kuvuja. Yakabaki madawati, ambayo kwa kweli hatukuwa nayo. Hapo ndipo nilipopendekeza tuazime samani za ukumbi wetu wenyewe kwa siku hiyo moja. Hoja ilipita kwa makofi. Lori lilibeba meza ndefu, viti vyote vya kuzunguka, na kiti cha Mheshimiwa mwenyewe, kile cheusi cha ngozi chenye mgongo mrefu, ili naye aonekane amekaa vizuri.

Vilipokuwa vinashushwa, msichana mmoja alinifuata. Wenzake wanamwita Redio kwa sababu ukishamwasha kuzima ni kazi.

"Shikamoo. Hivi viti vitabaki?"

"Marahaba. Mtoto mzuri, suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

"Turudi wiki ijayo?"

"Umeelewa haraka."

Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa taratibu, akaenda kwa mwalimu wake. Nilijisikia vizuri, kwani si kila siku Idara inapata kumlea kijana wa taifa.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alifika na msafara, akakata utepe tulioufunga kuzunguka kompyuta. Utepe ulikuwa umepita mbele ya kamera, kwa hiyo kitu cha kwanza nchi ile ya mbali ilichokiona kwetu ni mkasi unakuja. Kisha kioo kikawaka, tukawaona marafiki zetu.

Mbele kabisa walikuwa wamekaa watu wazima wenye suti. Mmoja, mzee mwenye upara na kitambi cha heshima, alisimama, akakohoa, akasoma: "Sisi watoto tunafarijika." Alipofika mwisho akasema yeye ni wetu katika ujenzi wa mustakabali.

"Kumbe ndiye," alinong'ona Mama Mwenyekiti.

Nilihuzunika, sitaficha. Muda wote ule Kamati yetu ilikuwa ikiandikiana na Kamati yao. Lakini Mama Mwenyekiti alimpungia mkono, mzee naye akapunga, na nikaona kwamba kwa upande wa salamu mpango ulikuwa umefaulu kuliko tulivyotarajia. Nyuma ya suti zile, wakichungulia mabegani, walikuwepo watoto wa kule, na waziri wao alikuwa amekaa pembeni kwenye kiti kisichofanana na vingine.

Ikafika zamu ya mradi. Nilikuwa nimemwagiza fundi kwamba kamera imfuate anayezungumza, kama wanavyofanya kwenye televisheni. Redio akasimama na karatasi kubwa.

"Mada yetu ni Mgeni Akija Shuleni," alisema. "Tumeifanya na wenzetu wa kule. Kila darasa limechora picha tatu. Hii ya kwanza ni siku ya kabla ya mgeni."

Ilikuwa picha ya watoto wamekaa chini. Kwenye kioo, mvulana wa kule akainua ya kwao: kabati la vitabu lisilo na kitabu.

"Ya pili ni siku ya mgeni." Viti vya kuzunguka, meza ndefu, mpaka kile cheusi. Mvulana wa kule naye akaonyesha kabati limejaa vitabu, na mbele yake maua kwenye vyungu, akaeleza kuwa vyote vimeletwa asubuhi kwa gari. Waziri wa kule alianza kutafuta kitu mfukoni mwake.

"Tumegundua kwamba nchi zetu zinafanana sana," alisema Redio. Na kwa kuwa ni mtu wa kutembea akizungumza, aliendelea kuzungumza huku akiipita ile nguzo, kwenda ukutani kulikobandikwa karatasi ya tatu. Kamera ikamfuata kwa utiifu. Ikauona mstari wa rangi. Ikaliona bati. Ikawaona watoto waliokosa viti, wamekaa chini juu ya maboksi na kalamu mkononi, wakaipungia mikono.

Karatasi ya tatu ilikuwa tupu.

"Hii ni siku ya baada ya mgeni," alisema. "Bado hatujaichora, na wenzetu hawajachora. Kesho saa hizi tunawasha kamera tuonyeshane. Mheshimiwa, tuchore nini?"

Nimehudhuria vikao vingi ambavyo mtu hakuwa na jibu, lakini daima kulikuwa na chai. Hapa hapakuwa na chai. Mheshimiwa alimtazama waziri mwenzake kwenye kioo, na mwenzake akamtazama, kama wateja wawili waliokutana kwa mkopeshaji mmoja. Yule wa kule akawahi.

"Vitabu vitabaki," alisema.

Mheshimiwa hapendi kuachwa nyuma na nchi za nje. "Na viti vitabaki," alisema, akisimama. "Na meza. Vyote mnavyoviona hapa ni vya watoto." Akazungusha mkono chumba kizima, na mkono huo, katika mzunguko wake, ukapita juu ya kile kiti cheusi alichokuwa ametoka kukikalia.

Watoto wa nchi mbili wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Alikuwa amefunika uso kwa mikono yenye chaki, analia, na mimi nikaangalia dirishani.

Kesho yake picha ya tatu ilionyeshwa, viti vikiwemo, na cheusi kimechorwa kikubwa kuliko vyote. Wizarani tulianza kufanya vikao tukiwa tumesimama. Baadaye miguu ilichoka, tukakaa chini, kwa mujibu wa mwongozo mpya nilioandika mwenyewe. Mama Mwenyekiti sasa anaandikia mapajani, na akinyanyuka anashika kiuno. Mheshimiwa alivumilia kwa muda, kisha akaniita.

"Nenda pale shuleni," alisema akiwa ameegemea ukuta. "Kaniletee kile changu. Kimoja tu. Na usiende na kamera."

Nilikuta somo linaendelea. Kile kiti wanakikalia kwa zamu, na zamu ilikuwa ya Redio. Miguu yake haikufika chini. Nilimweleza kwa upole kwamba Mheshimiwa ana shida ya mgongo, kwamba ni suala la kiti kimoja tu, kwamba taifa lingefurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo mimi sikuwahi kumfanyia mwalimu wake.

"Mratibu," alisema, "suala lako limepokelewa na linafanyiwa kazi. Rudi wiki ijayo."

Mwalimu alikuwa ametugeuzia mgongo, anaandika ubaoni, mabega yanamtikisika.

Nilirudi Wizarani. Mheshimiwa alikuwa bado ukutani.

"Wamesemaje?"

"Wamelipokea, Mheshimiwa. Linafanyiwa kazi."

Ni yeye aliyetunga jibu hilo, enzi zake akiwa ofisa mdogo, na anajua kuliko mtu yeyote nchini maana yake. Alikunja suruali kidogo magotini, akashika ukuta, akakaa chini.