Maandishi Meupe Kwenye Blogu ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe katangaza wakati wa chai: blogu yake ya ushonaji imechakaa, inataka sura mpya kabla ya Jumapili. Masomo yake yote yamo humo, kuanzia kutunga uzi hadi kushona kola. Atakayeipendezesha atapewa chumba cha mbele kiwe ofisi. Shemeji, mdogo wake mke wangu, akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili! Nimepewa kazi. Yule mama alikuwa mwalimu mkuu. Akinitazama juu ya miwani nasahau hata jina langu. Lakini nimechoka kufanyia kazi jikoni, kompyuta juu ya friji.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kanishauri bila kuombwa. Eti nitoe nakala ya blogu nzima, nijaribu mandhari mpya, yaani sura iliyotengenezwa tayari, kwenye nakala, blogu yenyewe nisiiguse mpaka niridhike. Akaongeza kwamba hata mama yake hukata gazeti kwanza ndipo akate kitambaa. Mjuaji! Anataka nichelewe tu. Nimepata mandhari maridadi kwenye tovuti nisiyoijua. Kwingine inauzwa, hapa bure. Watu wema bado wapo duniani. Nimebonyeza.

Blogu ikawa nyeupe pe! Masomo hayaonekani! Nikakaa sakafuni na kuomba dua zote ninazozijua. Ikarudi yenyewe, imependeza ajabu. Mke wangu akauliza mbona nimelowa jasho. Nikasema joto la jiko. Jiko lilikuwa limezimwa.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Chini kabisa ya kila ukurasa yamejitokeza maneno: CHEZA KAMARI, UTAJIRIKE LEO. Si yangu, yamekuja na mandhari. Nikiyafuta, blogu nzima inagoma kufunguka. Nikiyarudisha, inafunguka. Kumwuliza shemeji? Bora nife. Halafu wazo! Ukurasa ni mweupe, basi nimeyapaka maneno rangi nyeupe. Hayaonekani hata ukitoa macho. Bado simu ikilia nashtuka.

Jumamosi, 8 Machi
Kwa kawaida mama mkwe huniita mwanangu. Leo mezani kaniita Bwana Mkwe. Kanipa simu yake, akaniambia nisome mstari wa mwisho, kwa sauti, watu wote wasikie. Skrini nyeusi tii. Juu yake, meupe kama meno: CHEZA KAMARI. Sauti ilinitoka kama ya kifaranga.

Mke wangu akasema kila mtu anajua kwamba tangu mama apasuliwe jicho, husoma kwenye skrini nyeusi, maana mwanga humuumiza. Nilijua! Mimi ndiye niliyempeleka hospitali! Mama akasema wanafunzi wake wawili, nao macho yao ni kama yake, wamempigia kumwuliza kama mwalimu ameacha sindano. Afadhali blogu ifutwe yote, akasema, kuliko jina lake kuchafuka hivyo. Masomo yake yote! Nilitaka ardhi ipasuke inimeze.

Shemeji akafuta mikono, akaleta kompyuta yake. Kumbe Jumatatu ileile alitoa nakala, kwa kunihofia mimi. Kabla chai haijapoa blogu ilikuwa imerudi kama zamani, mandhari yangu imetupwa. Mama mkwe akatokwa na machozi. Chumba cha mbele ni cha shemeji.

Jumapili, 9 Machi
Nimerudi jikoni. Daktari wa meno, jirani yetu, kasikia kwamba najua mambo ya blogu. Nani kamwambia? Mimi. Anataka tovuti ya zahanati yake ipendeze kufikia kesho. Mandhari ninayo tayari, ileile, bure. Kutoa nakala ni kupoteza muda.

Ila safari hii nimekuwa mwangalifu. Kabla ya kubonyeza nimekwenda kumwuliza kama macho yake ni mazima. Kasema mazima kabisa. Nimebonyeza.