Nusu ya Tumbo

Jumatatu, 8 Julai 1996. Kyela mjini.

Nimerudi kutoka hospitali, Mbeya. Hai! Kidonda cha tumbo kilipasuka, nikatapika damu, madaktari wakakata nusu ya tumbo wakaitupa. Hawakuniuliza. Daktari ameagiza nile kidogokidogo kama kifaranga, nitafune mpaka chakula kilainike kabisa, nisinywe maji wakati wa kula. Chai ya sukari nisahau. Mke wangu Tausi ameyakariri yote kama sura ya Kurani.

Chakula cha mchana: uji wa kujaa kisahani cha kahawa. Mimi! Kheri niliyekuwa nikimaliza sinia la wali na samaki mbasa mzima peke yangu!

Suruali imenivuka uani. Mama mkwe alikuwepo.

Jumatano, 10 Julai.

Msimu wa kakao umekolea, nami mnunuzi nimelala. Zamani ushirika ulinunua peke yake. Siku hizi kila mwenye mizani ni mnunuzi. Hata Ridhwani, aliyekuwa akiuza kandambili sokoni, anazunguka vijijini na pikapu. Nasikia anawaambia wakulima kwamba Kheri hana tumbo, amekwisha, wasimngoje. Uongo mtupu! Ninalo nusu.

Nimepata mpango. Nani atamwogopea kifo mtu anayekula? Nitakwenda kijijini Ndandalo nile mbele ya watu.

Alhamisi, 11 Julai.

Jaribio la siri. Chai ya sukari kwa jirani, kikombe kikubwa. Sikufika hata mlangoni kwangu. Moyo mbio, jasho, miguu maji. Tausi alinilaza mkekani akanipepea. Nilingoja anigombeze. Hakugomba. Machozi yalikuwa yakimtoka tu, naye akiendelea kupepea. Bora angegomba.

Lakini chai si wali. Mpango uko palepale.

Jumamosi, 13 Julai.

Nilimwambia Tausi nakwenda kusalimia wateja. Nilivaa mashati mawili, sweta na koti, nionekane nimejaa. Kyela hata Julai haina huruma kwa sweta.

Mzee Ambilikile wa Ndandalo, mteja wangu wa miaka, alinipokea kwa mikono miwili. Mkewe Naomi akapika ndizi kwa nyama, na wali. Wakulima wamejaa uani. Nikatwaa tonge la kuonekana mpaka kijiji cha Ngana. Likapita! Nikatwaa jingine. Watu wakacheka kwa furaha, mmoja akasema mbona mtu mwenyewe mzima. Naomi akaongeza wali. Nikasema ndaga fijo, asante sana, nikala na ule wa nyongeza.

Kisha uani kukazunguka. Baridi kali ndani ya sweta. Nikaanguka kifudifudi juu ya kakao iliyoanikwa.

Aliyenibeba ni Ridhwani. Yeye! Alikuwa akipita na pikapu yake. Njia nzima hakucheka hata kidogo. Aliendesha polepole, akikwepa mashimo. Nimechukia sana.

Jumatatu, 15 Julai.

Bado nimelala. Mzee Ambilikile amekuja kwa baiskeli. Ndandalo wanasema Naomi alinitilia sumu. Wanawake hawachoti maji naye. Jana kanisani alikaa benchi zima peke yake. Mzee alizungusha kofia mikononi, akaniuliza mkewe amenikosea nini.

Hajui habari ya upasuaji. Maneno ya Ridhwani aliyadhani matusi ya biashara. Nikasema lilikuwa jua. Akasema watu hawataamini jua.

Nikifikiria kusema kweli, naona magunia yote yakipanda pikapu ya Ridhwani. Nikamshauri mzee tuvumilie mpaka msimu uishe. Aliinuka, akaaga kwa adabu. Chai hakuigusa.

Tausi alikuwa mlangoni. Alisikia yote.

"Baba Samira," akasema, "walikukata tumbo. Na moyo pia?"

Jumatano, 17 Julai.

Ndandalo. Tausi kando yangu, nami na shati moja tu mwilini. Watu walikusanyika kwa mzee Ambilikile, na Ridhwani alikuwepo na mizani yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ikapotea. Nikavua shati.

Kovu linaanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, bado bichi.

"Nimekatwa tumbo," nikasema. "Mama huyu alinipa chakula kizuri. Sumu hakuna. Nilikula kupita kiasi, ili mseme mimi mzima."

 

Bibi mmoja alisogea, akaligusa kovu kwa kidole, akatikisa kichwa. Naomi aliingia jikoni. Akatoka na ndizi iliyopondwa, kiasi cha kiganja cha mtoto. Nikala. Watu wote walikaa chini wakanisubiri nitafune, hakuna aliyeharakisha. Jirani wa Naomi alimshika mkono, wakaenda zao mtoni na ndoo.

Machozi yalinitoka. Moshi wa jikoni, labda.

Mzee Ambilikile akaita mizani ije ipime kakao yake. Yangu.

Jumapili, 28 Julai.

Kovu! Kwa nini sikulifikiria mapema? Ngana walisikia, wakataka kuliona. Nikafungua vifungo, wakaniletea kakao. Matema vilevile, mama mmoja alilia, mumewe akaongeza gunia. Ridhwani hana kovu, maskini! Wiki ijayo nitachechemea kidogo pia, ingawa mguu mzima.

Leo Maulidi. Pilau msikitini, harufu mpaka stendi. Tausi ameniapisha: kijiko kimoja, basi. Nimeapa, na kiapo nimekitimiza. Nimekula kimoja tu.

Upawa nao ni kijiko.