Mke Wangu Hayupo, Paa Lipo

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaondoka. Si kwa ugomvi! Kwa sababu ya paa. Jana nilitoboa bati la asbesto nipitishe waya wa antena, vumbi jeupe likamwagikia kitanda. Yeye muuguzi wa wodi ya kifua. Alilifuta kwa kitambaa kibichi, akafunga kitambaa ndani ya mfuko, akanitazama kwa muda. Akasema asbesto ikiwa nzima iachwe ilivyo, ikaguliwe tu mara kwa mara. Ikitobolewa au ikivunjwa, nyuzi zake huingia mapafuni na hazitoki. Akasema ameuguza wengi walioanza kwa tundu dogo. Na kwa kuwa anajua mikono yangu haitulii, atarudi paa likishatolewa na mafundi wenye kibali. Yuko kwa dada yake.
Upande wake wa kitanda ni baridi. Nimehamia huko. Sasa upande wangu nao umepoa.

Jumatano, 5 Machi
Mafundi wa nini? Mimi sina mikono? Nitapaka paa rangi ya kijani, aone bati jipya. Nikapanda na brashi ya chuma, nikaanza kusugua ukoga. Bila hata tone la maji! Vumbi hilo!
Nikiwa katikati, huyo mke wangu, kafuata sare yake. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alijifunga barakoa, akaniamuru nishuke, akalowanisha nguo zangu kabla sijazivua, akaniosha kichwa uani kwa mpira wa maji. Mkono wake ulikaa shingoni mwangu. Sijapata raha kama hiyo wiki nzima. Kisha akachukua sare, akaenda zake. Ninamkumbuka mpaka kifua kinauma. (Natumaini ni mapenzi.)

Ijumaa, 7 Machi
Nilimpelekea ndala zake. Kisingizio, ndiyo. Aliyefungua mlango ni mwanyumba wangu, mume wa dada yake, tumbo mbele. Alinionyesha vigae vyake vipya vya paa kana kwamba kaviumba yeye. Akasema asbesto yake iliondolewa kitaalamu, na akauliza yangu inaondolewa lini. Nikamjibu mafundi wanakuja Jumanne. Uongo mtupu! Sina hata namba yao.
Mke wangu alisikia. Akatoka mbio, akanishika mkono, akanisindikiza hadi getini akitabasamu. Basi tena. Nimejitia kitanzi. Ilibidi nimwombe mwanyumba namba ya mafundi. Alinipa taratibu, akilamba midomo.

Jumanne, 11 Machi
Wamekuja! Mavazi meupe, barakoa nzito. Wamezungusha utepe, wakanifukuza nje yake. Walinyunyizia maji, wakafungua misumari bila kuvunja, wakateremsha bati moja moja, wakafunga kwa plastiki nene na kubandika onyo. Kiongozi wao aliuliza mbona upande wa jikoni una pengo. Nikasema upepo. Alinitazama kama alivyonitazama mke wangu.

Jumapili, 16 Machi
Karudi! Paa jipya linang'aa, naye yupo jikoni anaimba. Kila akinyamaza nanyanyuka kuhakikisha hajaondoka. Nilimkumbuka kuliko nilivyojua, na nimemwambia hivyo. Alilia kidogo. Mimi pia, lakini nilisingizia vitunguu.
Sasa zawadi yake. Usiku wa kuamkia ujio wa mafundi nilishusha mabati mawili mazima ya upande wa jikoni, nikayaficha nyuma ya bafu chini ya godoro kuukuu. Mali safi kabisa! Nitamjengea kibanda cha watu wawili uani, tukae jioni, asitamani tena kwenda kwa dada yake. Ni marefu kidogo tu. Mwanyumba kaniazima msumeno.
Sanduku lake bado liko mlangoni. Anasema atalifungua kesho akitoka kazini.
Kesho hiyohiyo ndiyo nakata.